Wajibu wa kijamii wa wabunifu

Wajibu wa kijamii wa wabunifu ni jukumu la mtu anayebuni vitu, majengo, nguo, machapisho au programu za kompyuta la kufikiria faida na madhara ya kazi yake kwa jamii nzima, si kwa mteja anayemlipa peke yake. Jukumu hilo linahusu usalama wa watumiaji, haki za watu wenye ulemavu, wazee na watoto, hali ya wafanyakazi wanaotengeneza vitu vilivyobuniwa, hifadhi ya mazingira, pamoja na ukweli wa habari zinazotolewa kwa umma.

Mbunifu katika maana hii ni kila anayeamua umbo la kitu kabla hakijatengenezwa. Miongoni mwao wamo wasanifu wa majengo, wabunifu wa bidhaa za viwandani, wachoraji wa matangazo na vitabu, wabunifu wa mavazi na watengenezaji wa programu za simu.

Sababu za wajibu huu

Fundi akikosea kiti kimoja, ameharibu kiti kimoja. Mbunifu akikosea mchoro wa kiti kinachotengenezwa kiwandani, kosa lake linarudiwa katika viti vyote vitakavyotoka. Uamuzi unaofanywa mezani kwa dakika chache unaweza kuwagusa maelfu ya watu kwa miaka mingi, na wengi wao hawatamjua kamwe aliyeufanya.

Sababu ya pili ni kwamba anayelipia kazi mara nyingi siye anayeitumia. Mlango wa hospitali hulipiwa na mwenye hospitali, lakini anayeusukuma ni mgonjwa, muuguzi au mama aliyebeba mtoto. Mwenye kulipa yupo kwenye kikao na anaweza kusema anachotaka, mgonjwa hayupo. Kwa hiyo mbunifu ndiye anayebaki kumkumbuka asiyekuwepo.

Sababu ya tatu ni kwamba mtumiaji wa kawaida hana njia ya kukagua kitu kabla ya kukitumia. Abiria hawezi kupima uimara wa kiti cha basi, wala mzazi hawezi kuchunguza rangi iliyopakwa kwenye mwanasesere. Wanamwamini aliyekibuni.

Historia

Mawazo kuhusu wajibu wa wabunifu yalijitokeza wakati wa mapinduzi ya viwanda. Nchini Uingereza William Morris (1834–1896), aliyekuwa mbunifu, mwandishi na mjamaa, alilalamika kwamba viwanda vilitoa bidhaa duni na kumnyima mfanyakazi heshima ya kazi yake. Mwaka 1919 Walter Gropius alianzisha shule ya Bauhaus mjini Weimar, Ujerumani, iliyounganisha sanaa na ufundi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia biashara ya matangazo ilikua haraka katika nchi za Magharibi. Mwishoni mwa mwaka 1963 mchoraji Mwingereza Ken Garland aliandika tamko lililoitwa First Things First, likachapishwa mwaka 1964 likiwa na saini za wabunifu na wapiga picha zaidi ya 20. Walisema kwamba vipaji vingi vinatumika kuuza vitu visivyo na maana, ilhali zipo kazi zenye manufaa zaidi kama vile alama za barabarani, vitabu na vifaa vya kufundishia. Hawakudai kwamba matangazo yafutwe. Walitaka mpangilio wa vipaumbele ubadilike. Tamko hilo liliandikwa upya na kutolewa tena mwaka 2000.

Mwaka 1965 mwanasheria Mmarekani Ralph Nader alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba vifo vingi vya barabarani vilitokana pia na namna magari yalivyobuniwa, si makosa ya madereva peke yake. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya usalama wa magari.

Mwandishi aliyesomwa zaidi katika jambo hili ni Victor Papanek (1923–1998), mbunifu mzaliwa wa Vienna, Austria, aliyefanya kazi Marekani. Katika kitabu chake Design for the Real World, kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 1971, aliwashutumu wabunifu wenzake kwa kuwatumikia wenye fedha na kuwasahau watu wenye ulemavu, maskini, wagonjwa na watoto. Yeye na mwanafunzi wake walibuni redio iliyowekwa ndani ya kopo tupu, iliyopata nguvu kutokana na joto la nta au kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa na kuwashwa. Kopo liliachwa bila urembo ili kila mtumiaji alipambe apendavyo. Msomaji wa Afrika Mashariki anayefahamu koroboi, taa inayotengenezwa kwa kopo na utambi, ataona kwamba wazo la kulipa kopo kazi ya pili halikuwa geni kwa mafundi wa huku. Hata hivyo redio hiyo ilikosolewa. Ilipokea kituo kimoja tu, na katika nchi ambayo kituo hicho ni cha serikali, msikilizaji hangekuwa na sauti nyingine ya kusikiliza.

Usalama wa watumiaji

Wajibu wa kwanza wa mbunifu ni kutomdhuru mtumiaji. Mfano unaotajwa mara nyingi ni mkanda wa gari unaoshika mwili katika sehemu tatu, uliobuniwa na mhandisi Msweden Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959. Mikanda ya awali ilifunga tumbo tu, na katika ajali iliweza kuumiza viungo vya ndani. Mkanda wa Bohlin hupita kifuani na kiunoni, na hufungwa kwa mkono mmoja. Jambo hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu kifaa cha usalama kinachosumbua kukitumia huachwa. Volvo iliruhusu watengenezaji wengine kuutumia ubunifu huo.

Mbunifu mwangalifu hufikiria pia matumizi yasiyokusudiwa. Chupa ya soda hutumika kuhifadhia mafuta ya taa; mtoto akiikuta anaweza kuinywa. Kumlaumu mzazi hakutoshi iwapo mbunifu wa chombo cha kuuzia mafuta angeweza kutengeneza kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua.

Ubunifu kwa wote

Ubunifu kwa wote ni mtazamo wa kutengeneza vitu na majengo yanayoweza kutumiwa na watu wengi iwezekanavyo bila kuhitaji marekebisho ya pekee. Msanifu majengo Mmarekani Ronald Mace (1941–1998), aliyeugua polio utotoni na kutumia kiti cha magurudumu, ndiye aliyeupa mtazamo huo jina lake. Mwaka 1997 yeye na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walitoa kanuni saba:

1. Kitu kiwafae watu wenye uwezo tofauti bila kumbagua yeyote.
2. Kiweze kutumika kwa njia zaidi ya moja, kwa mfano kwa mkono wa kulia au wa kushoto.
3. Matumizi yake yaeleweke kwa urahisi.
4. Habari zake zifike hata kwa asiyeona au asiyesikia vizuri.
5. Kosa la mtumiaji lisilete madhara makubwa.
6. Kisihitaji nguvu nyingi.
7. Kuwe na nafasi ya kutosha kukifikia na kukitumia.

Vipimo vidogo huamua mengi. Katika nchi nyingi njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu hutakiwa isizidi uwiano wa 1 kwa 12. Maana yake ni kwamba ngazi zenye kimo cha sentimita 50 zinahitaji njia yenye urefu wa mita 6. Jengo ambalo njia hiyo imeongezwa baadaye kwa kukosa nafasi, ikawa fupi na ya kusimama, linaonekana limetimiza wajibu, kumbe mwenye kiti hawezi kupanda bila kusukumwa, na akishuka anaweza kuanguka.

Kati ya mwaka 1979 na 1982 mbunifu Mmarekani Patricia Moore, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, alijigeuza awe kama bibi kizee. Alivaa miwani iliyopunguza uwezo wa kuona, akaziba masikio kiasi na kufunga viungo vyake, kisha akasafiri katika miji mingi ya Marekani na Kanada. Aligundua jinsi milango, mabasi na vifungashio vilivyomshinda mtu ambaye nguvu zimepungua, na jinsi watu walivyombadilikia.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unataja ubunifu kwa wote kuwa mojawapo ya majukumu ya nchi wanachama. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Tanzania ilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010.

Kuwashirikisha watumiaji

Nia njema haitoshi. Historia ya miradi ya maendeleo imejaa vitu vilivyobuniwa kwa huruma na kuachwa vipate kutu.

Mfano mmoja ni pampu ya maji ya PlayPump iliyoanzia Afrika Kusini. Watoto walizungusha bembea ya duara, na mzunguko ukavuta maji hadi kwenye tangi. Wazo hilo liliwavutia wafadhili, na mwaka 2006 ilitangazwa nchini Marekani ahadi ya dola milioni 16.4 kwa ajili ya kulieneza. Lakini watoto huchoka, huenda shule, na hawachezi usiku wala wakati wa mvua. Katika vijiji kadhaa wanawake watu wazima ndio waliolazimika kuizungusha bembea, kazi iliyokuwa nzito kuliko pampu ya mkono waliyokuwa nayo awali. Ilipoharibika, vipuri na mafundi havikupatikana karibu. Mpango wa kuweka maelfu ya pampu hizo haukutimia. Wanawake waliokuwa wakichota maji kila siku wangeweza kuyaeleza hayo mapema, kama wangeulizwa.

Mfano wa upande wa pili ni jiko la mkaa la Kenya lenye udongo ndani. Jiko la zamani la bati tupu hupoteza joto jingi kupitia kuta zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu na mafundi wa Kenya walichunguza jiko la ndoo la Thailand, wakalibadilisha lifae mapishi na sufuria za huku. Udongo uliochomwa huwekwa ndani ya bati ili kuzuia joto lisipotee. Majiko ya mwanzo yalikuwa na kasoro, kwani udongo ulipasuka. Maoni ya mafundi na wapishi yalisaidia kurekebisha umbo, na jiko likapata kiuno chembamba kinachojulikana leo. Inakadiriwa kwamba hupunguza matumizi ya mkaa kwa asilimia 30 hadi 50. Kwa kuwa linatengenezwa na mafundi wa jua kali kwa bati na udongo wa kawaida, lilienea sokoni bila kutegemea misaada, na likasambaa katika nchi za jirani.

Katika usanifu wa majengo hutajwa shule ya msingi ya Gando nchini Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Msanifu wake, Francis Kéré, alizaliwa katika kijiji hicho. Wanakijiji walitengeneza matofali ya udongo na kushiriki ujenzi wenyewe. Paa la bati liliinuliwa juu ya dari ya matofali ili hewa ya moto itoke na madarasa yabaki na ubaridi bila umeme. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker.

Habari na matangazo

Mpangilio wa maandishi unaweza kubadili maisha ya watu. Katika uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 2000, kata ya Palm Beach katika jimbo la Florida ilitumia karatasi ya kura yenye majina pande mbili na matundu ya kutoboa katikati. Al Gore alikuwa wa pili katika orodha ya kushoto, lakini tundu lake lilikuwa la tatu. Tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan aliyeorodheshwa upande wa kulia. Buchanan alipata kura 3,407 katika kata hiyo, idadi iliyoshangaza wengi, na kura zipatazo 19,000 zilikataliwa kwa sababu zilitobolewa zaidi ya mara moja. George W. Bush alishinda Florida kwa kura 537. Karatasi hiyo haikutengenezwa kwa hila. Majina yaligawanywa pande mbili ili herufi ziwe kubwa na wazee wazisome kwa urahisi. Tatizo hilo lingeweza kugunduliwa kama wazee wachache wangeijaribu kabla ya siku ya kura.

Upo pia udanganyifu wa makusudi. Picha ya mtoto mnene na mwenye afya kwenye kopo la maziwa ya unga humwambia mama jambo ambalo maandishi hayathubutu kulisema. Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa zilizopitishwa mwaka 1981 na Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani zinataka vifungashio vya maziwa hayo visiwe na picha za watoto wachanga.

Kwa upande wa afya, mfano wa kila siku ni bahasha ya vidonge. Mtoa dawa akiandika "2 x 3", mgonjwa asiyezoea anaweza kusoma vidonge vitatu mara mbili badala ya viwili mara tatu. Bahasha yenye picha ya jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na idadi ya vidonge chini ya kila picha, huondoa utata huo hata kwa asiyejua kusoma.

Programu za kompyuta na simu

Mwaka 2010 mbunifu Mwingereza Harry Brignull alianza kukusanya mifano ya mitego inayowekwa katika tovuti na programu ili kumfanya mtumiaji atende asilokusudia. Mingine ni kitufe cha kujiunga kilicho kikubwa huku cha kujitoa kikifichwa, gharama zinazoonekana mwishoni tu, au ruhusa ya kutumia majina ya marafiki inayoombwa kwa lugha ya kuzunguka. Mitego hiyo haitokei kwa bahati mbaya; kila mmoja una mtu aliyeuchora.

Sheria zimeanza kuweka mipaka. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda data mwaka 2019 na Tanzania sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Mbunifu anayewajibika hukusanya taarifa zinazohitajika tu, na huomba ruhusa kwa lugha anayoielewa mtumiaji.

Ubunifu wa programu unaweza pia kuwafikia waliosahaulika. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, ilitengenezwa ifanye kazi katika simu ndogo ya kawaida isiyo na intaneti, na hivyo iliwafaa watu ambao hawajawahi kuwa na akaunti ya benki.

Mazingira na wafanyakazi

Kitu kinachotumika dakika tano kinaweza kubaki ardhini miaka mingi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Marufuku hizo zilirudisha swali kwa wabunifu: ni mfuko gani utakaobeba unga, samaki au nyanya, uwe rahisi, na usichafue mifereji?

Mbunifu anaweza kurefusha maisha ya kitu kwa kutumia skrubu badala ya gundi, kwa kuchagua vipuri vya vipimo vya kawaida, na kwa kutochanganya malighafi zisizoweza kutenganishwa. Simu au pasi ambayo fundi wa mtaani anaweza kuifungua haitupwi haraka.

Wajibu huo unafika pia kiwandani. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh, lililokuwa na viwanda vya nguo, liliporomoka na kuua watu 1,134. Nguo zilizoshonwa humo ziliuzwa na makampuni ya nchi tajiri. Mbunifu wa mavazi hajengi kiwanda, lakini anaposhiriki kupanga mitindo inayobadilika kila wiki chache kwa bei ya chini mno, anachangia shinikizo linalomfikia mshonaji.

Hatua za vitendo

Wajibu wa kijamii hutekelezwa katika kazi za kila siku kwa hatua kama hizi:

- Kuorodhesha mwanzoni watu wote watakaoguswa na kazi, wakiwemo wasiolipa: watumiaji, majirani, wafanyakazi na wazoa taka.
- Kwenda mahali kitu kitakapotumika na kutazama kabla ya kuchora.
- Kujaribu mfano wa awali na watu watano au sita wa aina tofauti, na kuwaacha wakosee bila kuwasaidia.
- Kuuliza nani atakitengeneza kikiharibika, kwa vifaa gani na kwa bei gani.
- Kumweleza mteja hatari kwa maandishi pamoja na kupendekeza njia mbadala.
- Kukataa kazi inayodanganya au kudhuru.
- Kurudi baada ya muda kuona kinavyotumika, na kukiri makosa ili wengine wajifunze.

Katika shule na vyuo, wanafunzi wanaweza kuanza na mambo ya karibu: kupima kimo cha bomba la maji ikilinganishwa na watoto wa darasa la kwanza, au kuchunguza kama mwanafunzi mwenye kiti cha magurudumu anafika chooni.

Mipaka na ukosoaji

Wapo wanaosema kwamba mbunifu ni mwajiriwa mwenye nguvu ndogo, na kumtwika mzigo wa jamii nzima ni kumwonea. Anayekataa kazi anaweza kuipoteza, na kazi ikapewa mwingine. Kwa sababu hiyo wengine husisitiza sheria, viwango vya taifa na vyama vya taaluma, ili uadilifu usitegemee ujasiri wa mtu mmoja.

Ukosoaji mwingine unahusu wabunifu wa nchi tajiri wanaokwenda kutatua matatizo ya nchi maskini. Mwaka 2010 mwandishi Mmarekani Bruce Nussbaum aliuliza kama ubunifu wa namna hiyo si ubeberu mpya, na swali lake lilizua mjadala mkali. Wakosoaji wanakumbusha kwamba nchi hizo zina wabunifu na mafundi wao, ambao hukosa mtaji kuliko wanavyokosa mawazo.

Tatizo la tatu ni makampuni yanayotumia maneno ya kijamii na rangi ya kijani kama pambo la biashara bila kubadili bidhaa. Kipimo cha kazi ya mbunifu ni hali ya mtumiaji baada ya kukitumia kitu: kama amefika salama, ameelewa alichosoma, na hakuachiwa mzigo ambao hakuuomba.